Fundi Hatoi Amri

"Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kisangani, wa ukingo wa kulia na wa ukingo wa kushoto, kwamba kuanzia leo Harakati yetu ni jeshi la kwanza katika bonde lote la mto huu kumheshimu mtu anayejua kazi bila kumlazimisha apigie wenzake kelele."

Maneno hayo niliyaandika mimi. Kamanda Arthur aliyasoma kwenye uwanja wa kambi, mwezi wa tatu, miezi tisa baada ya zile siku sita ambazo majeshi mawili ya wageni yalipigana mjini kwetu bila kutuuliza. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye neno "kelele" alipiga kelele, nadhani kwa kusisitiza.

Hapo ndipo mtu ambaye hakuwa kwenye orodha ya wageni alipoingia katikati ya sherehe. Alikuwa amekaa nyuma ya toleka, ile baiskeli ya abiria ambayo ndiyo teksi yetu tangu mafuta yapotee mjini. Nguo zake za kijeshi zilikuwa zimefuliwa mpaka rangi ikakata tamaa, na mapajani alipakata radio ya mawasiliano iliyofungwa kitenge, kama mama anayemrudisha mtoto kutoka zahanati. Daudi, askari wa lango, alimsimamisha.

"Weye nani?"

"Miye Isaïe. Soldat wa daraja ya pili."

"Tangu lini?"

"Tangu miaka makumi mbili na mbili."

Daudi akasahau kwamba kulikuwa na sherehe. "Miaka makumi mbili na mbili, na hauna hata galon moja ya cheo ku mukono? Uliiba nini, papa?"

"Sikuiba kintu. Walinipa galon mara tatu. Nilirudisha mara tatu." Kisha mgeni akatazama juu ya bega la Daudi, moja kwa moja kwetu sisi wa jukwaani. "Nimesikia ku radio asema hapa njo munatoa cheo cha kukosa kupigia batu kelele. Ni kweli, ao ni politique?"

Kamanda alinitazama. Nami nikakunja karatasi yangu.

"Ni kweli, papa," nikasema. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ndani ya Harakati ambayo haikupigwa muhuri.

Nieleze kidogo. Nina licence ya utawala, yaani shahada, ndiyo maana kambini wananiita Licencié. Niliipata katika mwaka ambao utawala wenyewe haukuonekana popote, lakini nilikuwa na matumaini, na ninayo bado. Harakati ilinipa nyota moja ya luteni mdogo na meza ambayo zamani ilikuwa mlango. Juu ya mlango huo niliandika Hati Namba Kumi na Nne, kuhusu vyeo vya ufundi.

Wazo lilikuwa jepesi. Katika majeshi yote niliyosoma habari zake, mtu akijua kutengeneza injini wanamzawadia kwa kumfanya sajini, na kuanzia siku hiyo hagusi injini tena, anagombeza watu. Jeshi linapoteza fundi mzuri na kupata sajini mbaya. Mimi nikasema: tumwache fundi na injini yake, tumpe cheo, nyumba ya bati na mgao wa mchele kama wa sajini, na tusimdai amri hata moja.

Kamanda aliisaini hati juu ya boneti ya lori.

"Iko na vifungu ngapi?"

"Kumi, Kamanda."

"Kumi ni sawa," akasema, na akasaini.

Kifungu cha pili kilisema kila fundi atafanya ufundi wake. Cha tatu kilisema fundi hatoi amri kwa kiumbe chochote, hata kwa mbuzi. Nilimtia mbuzi ili jambo lieleweke. Cha tano kilisema fundi hapelekwi mstari wa mbele, kwa kuwa ujuzi wake ni mali ya umma. Na cha nane kilisema mtu huwa fundi pale anapovishwa spana ya shaba kifuani, na akiivua si fundi tena.

Spana hizo zilichongwa na Mzee Mahmoudi, mfua shaba ambaye jamaa zake wamefua shaba katika mji huu tangu enzi za misafara. Alizikata kutoka ganda moja la kombora lililoanguka uani kwake zile siku sita. Zilitoka thelathini kamili. Nilipomuuliza kama anaweza kuongeza, alinijibu kwa adabu: "Ganda imeisha, mwanangu. Mukitaka ingine, mupigane tena."

Kifungu cha tatu ndicho kilichompendeza Kamanda kuliko vyote. Sijui alikielewa vipi, ila aliagiza askari wakikariri kila asubuhi bendera inapopanda. Basi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu wanaume mia mbili walisimama na kunguruma: "Fundi hatoi amri! Hata kwa mbuzi!" Mbuzi wa kambi alikuwa anaacha kula na kusikiliza.

Isaïe alinifuata ofisini baada ya sherehe. Hakutaka kukaa. Alibaki amesimama na ile radio yake, akieleza taratibu, kama mtu anayehesabu nyaya.

Alikuwa amezaliwa Yanonge, kule mto unakoteremkia. Aliingia jeshi la zamani akiwa kijana, akajifunza foni, yaani radio hizi za kuongea mbali, na baada ya foni akajifunza jenereta, na baada ya jenereta kila kitu kingine kinachonguruma. Serikali zilibadilika, mafundi walikimbia, yeye akabaki, kwa sababu, alisema, mashine hazikukimbia. Sasa kulikuwa na tangazo jipya katika kambi ya zamani alikoishi: nyumba za bati ni za wenye vyeo. Mke wake Fortunée na watoto wao wanne walikuwa wamepewa mpaka mwisho wa mwezi wa saba kutoka.

"Sasa si ungechukua tu ugaloni, papa?" nikamwuliza. "Koplo anapata nyumba."

Aliishusha radio yake juu ya meza yangu.

"Zile siku sita," akasema, "chef wetu alikimbia. Alikimbia akaniambia: Isaïe, bakia chef wa poste, saa moja tu. Bon. Foni ilikosa batterie. Batterie ilikuwa ngambo ya daraja ya Tshopo. Kulikuwa kijana mumoja, Sylvain. Nikamuambia: enda. Akaenda. Hakurudi." Akaweka sawa fundo la kitenge juu ya radio. "Ni ile tu nilisema mu maisha yangu yote. Enda. Siwezi kutuma mutu tena, mon lieutenant. Hata ku soko."

Sikuwa na muhuri wa jambo kama hilo. Nilifungua Daftari la Mafundi, ambalo lilikuwa jipya na lenye mistari thelathini, nikamwonyesha ukurasa.

"Mstari wa kwanza ni wako," nikasema. "Utakutana na jopo la mtihani, ni utaratibu tu. Lakini kwenye mstari huu hataandikwa mwingine. Na maadamu nina kalamu, hakuna atakayekulazimisha kutuma mtu. Nakuahidi."

"Unaahidi weye ao Harakati inaahidi?"

"Mimi."

"Bon. Njo vizuri."

Jopo lilichelewa. Lilichelewa kwa sababu Major Eddy, ambaye ndiye afisa pekee aliyekuwa na tabia ya kusoma ukurasa mpaka chini, alifika kwenye kifungu cha tano. Alikisoma mara mbili. Jioni hiyo hiyo ombi lake lilikuwa juu ya mlango wangu, na kesho yake yalikuwepo maombi kumi na moja.

Nikiri kwamba nilifurahi. Nilidhani wamependa wazo.

Major Eddy aliomba cheo cha Fundi wa Kungoja Ndege. Kifungu cha sita kinadai mwombaji athibitishe ujuzi wake kwa vitendo, basi tulikwenda naye uwanja wa ndege, akasimama kando ya njia, mkono juu ya macho, akangoja saa mbili na robo. Ndege haikuja. Jopo liliandika kwamba kungoja ndege inayokuja ni jambo la kila mtu, ila kungoja isiyokuja kunahitaji uzoefu. Alipita.

Kapteni mmoja alipita kama Fundi wa Vizibo, baada ya kufungua chupa sita za bia kwa meno bila kumwaga tone. Tonton wa Kamanda, yaani mjomba wake, ambaye tulimpa ukapteni ili asichoke kusimama, alipita kama Fundi wa Kivuli: alionyesha jopo mahali pa kuweka kiti saa tatu, saa sita na saa tisa, na hakukosea hata mara moja. Kamanda mwenyewe alikuwa Fundi Mkuu wa Ramani. Alitundika ramani ya nchi ukutani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Jopo lilitikisa kichwa pamoja naye.

Kamanda alitaka mstari wa kwanza wa daftari.

"Umeshikwa, Kamanda," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na aliye fundi kuliko sisi sote."

Alinitazama kwa makini, kisha sura yake ikalegea na akashusha sauti. "Rais wa Harakati? Alikuambia yeye mwenyewe?" Kabla sijajibu alikuwa amesimama wima. "Basi niandike wa pili. Na usiongee na mutu."

Sikuongea na mtu.

Kufikia mwezi wa saba mistari yote ilikuwa imejaa, kuanzia wa pili mpaka wa thelathini. Wa thelathini ulikuwa wangu. Kamanda ndiye aliyeniandika kwa mkono wake, Fundi wa Kuandika, na siwezi kusema nilipinga. Nilivaa spana yangu nikaenda nayo kanisani Kabondo, nikakaa benchi la mbele. Spana za Mzee Mahmoudi nazo zilikuwa zimekwisha, maana Kamanda alivaa mbili, moja kifuani na nyingine kwenye kofia. Alisema ni kwa ajili ya ulinganifu.

Hivyo ndivyo Harakati yetu ilivyopata mafundi ishirini na tisa, na ndivyo maafisa wote wa kambi walivyokuwa salama, mbali na mstari wa mbele. Amri waliendelea kutoa kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Jopo lilimwita Isaïe zikiwa zimebaki siku tatu mwezi wa saba uishe. Fortunée alikuja naye, akasubiri nje na beseni la lituma, ndizi za kuponda, lililofunikwa kwa jani. Mezani walikaa Kamanda, Major Eddy na Tonton, ambaye alikuwa amechagua kiti chake kwa ufundi wake wote.

Kamanda alionyesha pembeni, kwenye foni kubwa ya kambi. Radio ile ilikuwa imekufa tangu mwezi wa tatu. Hakuna aliyeililia. Kwa miezi minne Makao Makuu hayakuweza kutuambia kitu, na sisi hatukuweza kuwajibu, na kambi ilikuwa na amani ambayo hata maaskofu hawakuweza kuileta.

"Mutahiniwa," alisema Kamanda, "utafanya nini na ile?"

Nadhani alitarajia maelezo. Isaïe aliomba babula, lile jiko letu dogo, akawasha makaa, akachukua spoki ya baiskeli kutoka kwa mwenye toleka aliyemleta, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, na kwa ncha ya spoki hiyo akaanza kuunga nyaya ndani ya tumbo la radio. Alifanya kazi akiwa amefumba jicho moja, akiiongelesha kwa sauti ya chini. "Tulia, mama. Tulia. Walikufunga vibaya, eh? Ni nani alikufunga hivi? Hana roho."

"Umeme ni kintu gani?" Major Eddy akauliza, kalamu mkononi.

"Sijaiona hata siku moja, mon Major," Isaïe akajibu bila kuinua kichwa. "Naonaka tu kazi yake."

"Hajui," Major Eddy akaandika.

"Na théorie?" Kamanda akauliza. "Théorie yako iko wapi?"

"Ngoja kidogo, mon Kamanda, iko moto."

Baada ya dakika kumi na saba jopo lilijadiliana kwa sauti ya chini na kutoa uamuzi, ambao niliuandika kama ulivyosemwa: mtahiniwa amepata sifuri, kwa kuwa alitumia muda wa mtihani kufanya kazi.

Wakati huo huo radio ikakohoa, ikapiga mluzi, na sauti ya mtu aliye mbali sana ikajaa chumbani.

"...Kisangani, Kisangani, munatusikia? À vous."

Isaïe alitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya hapo. Akabonyeza kitufe, maana "À vous" ni kusema zamu yako. "Kisangani inasikia. À vous."

"Miezi ine! Tulifikiri mulikufa wote!" Makao Makuu yalisema mengine ambayo si ya kuandikwa, kisha yakatoa amri ya kwanza tuliyoipata tangu mvua za masika. Kikosi cha askari arobaini kitoke, kishike barabara ya Opala, kikae mstari wa mbele. Kiongozwe na afisa mmoja mwenye uwezo wa kuamuru. "Jina la afisa tunalitaka sasa hivi. À vous."

Hapo nilielewa kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuifufua ile radio.

Kamanda alimtazama Major Eddy. Major Eddy aligusa spana yake. Tonton alikuwa ameshafumba macho. Mimi, kwa aibu yangu yote, niliona vidole vyangu viko juu ya spana ya kwangu.

"Sisi wote ni mafundi," Kamanda akasema polepole, kama mtu anayegundua nchi. "Hatupelekwi." Kisha uso wake ukang'aa. "Mais alors! Huyu amepata zero! Huyu si fundi!" Akasimama, akampiga Isaïe begani. "Félicitations, Kapteni Isaïe! Harakati inakupandisha. Utaongoza batu makumi ine. Nyumba ya bati utaipata... utaipata ukirudi."

Spoki ilianguka kutoka mkononi mwa Isaïe.

"Nitaambia batu baende?" akauliza. "Mon Kamanda, miye?"

"Njo kazi ya kapteni. Unaambia batu baende, wanaenda."

Mlangoni Fortunée alikuwa amesimama na beseni lake. Alinitazama mimi. "Licencié," akasema, "ile mustari."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama mara moja. Kwanza nilihesabu. Spana zilikuwa thelathini na zote zilikuwa kwenye vifua, isipokuwa moja iliyokuwa kwenye kofia, na ile ya kofiani nisingeweza kuifikia. Nilirudia hesabu, ikatoa jibu lile lile. Kisha nikafungua daftari, nikaandika kwenye mstari wa kwanza: Isaïe, Fundi wa Foni na Mashine. Nikapiga muhuri. Nikafuta jina langu kwenye mstari wa thelathini, nikafungua spana yangu, na kwa haraka yangu nilimchoma kidogo wakati wa kumvisha.

"Pole, papa."

"Haina mubaya."

"Unafanya nini?" Kamanda alinguruma. "Ule mustari ni wa Rais!"

"Sikusema ni wa Rais, Kamanda. Nilisema ni wa aliye fundi kuliko sisi sote."

"Toa ile spana! Daudi! Ingia! Kamata huyu Licencié, na yule mwingine pia!"

Daudi aliingia na bunduki yake, na nyuma yake wakaingia askari wanne wengine. Walisimama. Daudi alikuna shingo.

"Mon Kamanda," akasema, "ile ni amri?"

"Ni amri!"

"Ni kwamba... asubuhi tulisoma kifungu ya tatu. Tulisoma mara mbili, sababu ulisema hatukusema na nguvu." Akatazama wenzake, nao, kwa mazoea ya miezi minne, wakajikuta wananguruma kwa pamoja: "Fundi hatoi amri! Hata kwa mbuzi!"

"Na miye sijui kama niko juu ya mbuzi ao chini," Daudi akaongeza. "Hati haisemi."

Kamanda akashika spana ya kifuani ili aing'oe. Ningekamatwa, na ingekuwa haki yake kabisa kisheria. Lakini Major Eddy, msomaji wetu, aliinama sikioni mwake na kunong'ona kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: "Kamanda, ukiitoa utakuwa afisa mwenye kuamuru. Na wanataka mumoja."

Mkono wa Kamanda ulibaki pale pale juu ya spana. Ulibaki muda mrefu. Kisha ukaanza kuipapasa, kama mtu anayepangusa vumbi.

"Kisangani!" radio ikaita. "Nani anaamuru pale? Jina! À vous."

Tulimtazama Isaïe, maana foni ilikuwa yake sasa. Naye alitazama vifua vyetu, kimoja baada ya kingine, shaba, shaba, shaba, mpaka akafika kwangu, ambako kulikuwa na nyota moja na tundu la pini.

"Siwezi kudanganya ku foni..." akaniambia kwa huzuni.

"Usidanganye, papa."

"Lieutenant Licencié," akasema kwenye radio. "Njo yeye tu. À vous."

"Bien reçu. Lieutenant Licencié aondoke na batu makumi ine, camion ikiwa tayari. Terminé."

Sikuwahi kutoa amri maishani mwangu. Nilisoma utawala, ambao ni kitu tofauti. Nilianza kwa kusema "naomba," Daudi akanikanyaga mguu na kunong'ona, "Kwa nguvu, mon lieutenant."

"Kwa mujibu wa kifungu cha pili," nikasema, kwa nguvu, "kila fundi atafanya ufundi wake. Lori la kikosi halijawaka tangu siku ya hotuba. Mafundi wote wa daftari, kuanzia mstari wa pili, waende kwenye lori, walitengeneze. Kikosi kitaondoka siku litakapowaka."

Daudi na wenzake waligonga visigino. Walikuwa hawajawahi kugonga visigino kwa furaha kiasi kile.

Leo ni siku ya arobaini na moja. Lori liko uwanjani, chini yake wako mafundi ishirini na wanane wa Harakati. Kamanda Arthur hushika tochi mchana kutwa. Amejaribu spana zake zote mbili, ile ya kifuani na ile ya kofiani, na hakuna bolti iliyozikubali. Major Eddy anangoja ndege ya vipuri. Fundi wa Vizibo amefungua kitu ambacho hakikupaswa kufunguliwa. Tonton amelala chini ya gurudumu la nyuma, ambako, nakiri, ndiko kwenye kivuli bora. Kila mmoja wao angeweza kuivua spana na kuwa afisa tena leo hii, na kila mmoja anajua barabara ya Opala iko upande gani.

Fortunée na watoto wako kwenye nyumba yao ya bati. Mimi niliondoka kwenye yangu, maana nyumba ile ilikuwa ya fundi, na sasa nakaa kwenye kabini ya lori, mahali ambapo afisa wa msafara hukaa, begi langu likiwa tayari miguuni. Injini ikiwaka hata mara moja, mimi na wale arobaini tunaondoka. Nimewaambia hivyo waziwazi. Daudi, ambaye ni mmoja wao, alinijibu: "Hatuna haraka, mon lieutenant," akaniletea lituma kutoka kwa Fortunée.

Juzi Kamanda alitoka chini ya lori akasimama kwenye dirisha langu, oili mpaka nyusini.

"Licencié, mutoto yangu," akasema. "Weye njo unaweza kuamuru. Amuru Isaïe atengeneze. Dakika tano! Nimemuona vile anapita, anasikiliza, anajua ni nini. Lakini nikimuomba ananiambia mwenye kuamuru ni weye."

"Siwezi, Kamanda. Nilimwahidi."

"Uliahidi nini?"

"Kwamba hatatuma mtu. Na lori hili, likiwaka, linatuma watu arobaini na mmoja."

"Ni hati gani inasema vile?"

"Hakuna hati," nikakiri.

Aliniangalia kwa dharau ya kweli, kisha akarudi chini na tochi yake.

Isaïe hupita hapa kila asubuhi, baada ya bendera, akienda kwenye foni. Makao Makuu yatamwuliza kama kikosi kimetoka, naye atajibu, bila uongo hata kidogo, kwamba mafundi wako kazini. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyu hajawahi kupita kando ya kitu kibovu na kukiacha kibovu; Fortunée anasema usingizi wake siku hizi ni wa mgonjwa.

Leo asubuhi alipofika usawa wa boneti, fundi mmoja kando yangu akageuza ufunguo. Injini ikakohoa mara mbili, ikavuta pumzi, ikafa. Isaïe akasimama. Akainamisha kichwa upande wa injini, jicho moja limefumba, na ndani ya mfuko wa suruali niliona vidole vyake vikizungusha taratibu, vikifungua skrubu moja ambayo yeye peke yake alikuwa anaiona. Jasho lilimtoka. Kisha akautoa mkono mfukoni, ukiwa mtupu, akaufunga nyuma ya mgongo pamoja na mwenzake.

"Bonjour, mon lieutenant," akasema, na akapita.